Flopi za Mashine ya Mama Mkubwa

Nimechoka na vitu vilivyokufa. Niseme hivyo mapema, asije mtu akadhani naifanya kazi hii kwa mapenzi. Watu wanakuja dukani kwangu hapa Jinja, chini ya zile baraza za maduka ya zamani ya Wahindi, wananiletea kompyuta ambazo hata waliozitengeneza walishazisahau, halafu wanasimama wananitazama usoni kama nina funguo za ahera. Nikiwaambia haiponi, wananuna. Ikipona wanasema, "Kumbe ilikuwa kitu kidogo tu." Kitu kidogo, wallahi! Mgongo wangu ndio unaojua.

Kwa hiyo ndugu yangu aliponipigia simu kutoka Kampala kuniambia kwamba mashine ya mama yake imenyamaza, kwanza nilifumba macho.

Ndugu yangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa, dada ya marehemu mama yangu. Ni polisi, na nyumbani tunamwita Afande kwa utani, ingawa yeye anaitika kama vile si utani. Mama yake ndiye aliyenilea, kule Mbale, tangu sijui kufunga kamba za viatu. Na mashine yenyewe ni ya kutarizi, ndefu kama kitanda, ina vichwa kadhaa vya sindano na kompyuta yake ya zamani ubavuni, ile inayotumia flopi, vidiski vya plastiki vyenye kimlango cha bati kinachoteleza. Kwa mashine hiyo mama mkubwa ametarizi beji za shule, majoho ya kwaya za makanisa, na milaya, yale mashuka ya maua ambayo kwetu Wanubi binti haolewi bila kuwa nayo sandukuni. Mafundi wenzake wa Mbale walikuwa wakisema mashine ile ina mkono wa mtu.

Mume wake alipofariki, siku ya arobaini, ndugu walikaa mkekani wakaanza kunong'onezana nani atamchukua mama. Akawasikia. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, mashekhe hawajamaliza hata chai yao, akasema mbele ya watu wote: "Mimi sitoki nyumba hii maadamu mashine yangu inalia. Siku ikinyamaza, njooni mnibebe." Watu wakacheka, lakini kwetu neno la arobaini ni neno. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumgusia habari ya kuhama.

Sasa Afande alikuwa ananiambia kwenye simu, "Dada, imenyamaza. Kabla ya Ramadhani nakuja kumchukua. Mwenyewe alisema."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Mtu mzima hang'olewi kama muhogo. Nipe nafasi niitazame."

"Ukiifufua, mimi nitafunga mdomo. Ukishindwa usinilaumu."

"Haya."

Nikajifunga hivyo, na hakuna aliyenituma. Nilimwonea huruma mama mkubwa. Nilimwona akilini amekaa kwenye kochi la watu huko Kampala, anatazama televisheni asiyoichagua, anasubiri mkwe wake amwambie chakula kiko tayari. Na nilijionea huruma mimi pia, nisidanganye. Mafubira, mtaa ninakopanga hapa Jinja, ni mahali pa kulala tu. Nyumba ile ya Mbale ndiyo nyumbani. Huku nikizungumza Kiswahili kwenye simu mbele za watu, naona wanapunguza sauti, maana kwa wengi hiyo ni lugha ya askari wa enzi zile za utawala wa kijeshi na hawajaisahau. Kwa mama mkubwa ndiyo lugha ya kuombea chumvi. Akiondoka, mimi nitarudi wapi kuitwa mtoto?

Ugonjwa wa mashine niliujua hata kabla sijasafiri. Mashine ile haina kumbukumbu. Umeme ukikatika inasahau hata kwamba ni mashine, na kuiamsha lazima uipe flopi yake ya kuanzia. Flopi hiyo ilikuwa imezeeka na kufa, na kiwanda kiliacha kuzitoa zamani. Lakini duniani kuna watu wenye wazimu kama wangu. Mmoja wao, katika nchi ya baridi sijui ipi, aliinakili flopi kama ile akaiweka mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye shida. Unapakua faili moja, ndogo kuliko picha ya harusi, na ndani yake imo diski nzima, kila alama mahali pake. Kilichobaki ni kuirudisha kwenye plastiki.

Ehe, hapo ndipo penye kazi. Visomeo vya siku hizi, vya kuchomeka pembeni mwa kompyuta, havijui kuandika flopi za kizazi kile. Nilihitaji kompyuta ya zamani yenye kisomeo chake tumboni, na ninayo, ilitupwa na shule moja, zamani ilikuwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Flopi zenyewe nilizipata katika stoo ya duka la vifaa vya ofisi, nyuma kabisa, chini ya makasha ya kaboni. Zilikuwa bado ndani ya karatasi yake, lakini unyevu wa ziwa hauombi ruhusa, nusu yake zilikuwa zimeota ukungu. Unafungua kimlango cha bati, unafuta kwa pamba na spiriti, unaizungusha kidogo kwa kidole, unafuta tena. Kisha unaziba kitundu cha pembeni kwa utepe, kwa sababu usipokiziba kompyuta itaandika mwandiko mwembamba wa flopi za baadaye, na mashine ya mama mkubwa haiwezi kuusoma. Ndipo unaandika. Ikikoroma taratibu, mambo ni mazuri. Ikianza kugonga kama mtu anayebisha hodi, toa, tupa, anza nyingine. Na umeme ukikatika katikati, basi, umerudi mwanzo. Sisi tunalala ubavuni mwa bwawa la umeme, jamani banange, na bado unakatika.

Niliipata moja safi. Nikaisoma tena yote kuhakikisha, nikaifunga ndani ya leso, nikapanda teksi, zile basi ndogo za abiria, kwenda Mbale.

Mashine iliamka. Nilisukuma flopi, ikameza, ikafikiri, taa ikawa ya kijani, sindano zikajipanga zote kwa pamoja, na ikaanza kulia ule mlio wake ninaoujua tangu utotoni. Wanawake wa cherehani za jirani wakaja mlangoni kushangilia, mmoja akapiga vigelegele. Nami nilivimba kichwa. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe inawezekana." Halafu akanitazama mimi. "Umekonda." Akainuka kwenda kunipakulia chakula.

Nilidhani kimya kile ni furaha iliyomzidi. Nikampigia Afande palepale. "Afande, mgonjwa amefufuka. Tafuta safari nyingine!" Akacheka kidogo, akasema sawa, neno ni neno.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Haikupita muda mrefu Afande akapiga tena. Mashine imenyamaza, umeme ulikatika na haikuamka. Nilikuwa na kompyuta ya mteja imefunguliwa mezani, skrubu zake mdomoni mwangu, karibu nizimeze. Nikarudi Mbale, nikaitia ile flopi kwenye kompyuta ndogo ya zamani niliyokuja nayo kuikagua. Tupu! Tupu kama sahani ya futari watoto wakishapita. Nikalaumu ukungu. Nikasafisha kichwa cha kisomeo cha mashine, nikamwachia flopi mbili mpya.

"Moja ya kazi, moja ya akiba," nikamwambia. "Ziweke mbali na jua na vumbi."

"Nimesikia, mwanangu."

Zikafa zote mbili. Hapo nilichanganyikiwa kwa kweli. Moja ikifa utasema bahati mbaya, lakini ya kazi na ya akiba pamoja? Nilishuku utepe. Nilishuku faili la yule mtu wa nchi ya baridi, nikalipakua upya, nikalilinganisha na la kwanza, hayakutofautiana hata kidogo. Nilishuku kisomeo changu mwenyewe, kwamba kichwa chake kimepinda na sasa kinaandika mambo ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyasoma, nikakifungua chote na kukipanga upya, wateja wamekaa kwenye benchi wanapiga miayo. Mmoja akaniuliza, "Fundi, hiyo inaokoa roho ya nani?" Nikamwambia ya mama yangu. Nikaendelea kufuta flopi kwa pamba hadi vidole vikanuka spiriti hata wakati wa kula.

Safari ya tatu niliifanya nikiwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Teksi ilipita njia ya Tororo, ikasimama Busiu kupakia matoke, ikakaa, ikakaa. Nikajiuliza ni nani hasa aliyenituma. Afande hakunituma. Mama mkubwa mwenyewe, nikikumbuka vizuri, hakuwahi kunipigia simu hata siku moja juu ya mashine ile. Kila habari ya kufa kwa mashine niliipata kwa Afande, kutoka Kampala. Jambo hilo lilinipita kichwani hivi, kisha kondakta akapiga bati, tukaondoka, nikalisahau.

Safari hii niliamua kushinda palepale niichunguze. Asubuhi mashine iliamka vizuri kabisa. Ikashona beji ya shule, herufi zake nyembamba bila uzi hata mmoja kuchomoza. Nikaiacha flopi mezani na ya akiba pembeni yake. Flopi nyingine nzima ilibaki kwenye mkoba wangu, sikumwambia, kwa kuwa nilishaanza kuiogopa ile nyumba.

"Naenda sokoni, nikuletee malewa," nikamwambia. Mama mkubwa anapenda malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yakipikwa kwa karanga.

"Nenda, usikimbilie," akasema.

Nilipofika kona nikakumbuka pochi imebaki jikoni. Nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikavua viatu kama kawaida ya nyumba ile, nikapita ndani.

Alikuwa amesimama mezani, miwani imemteremka puani. Kila fundi cherehani ana sumaku yake ya kuokotea pini zikimwagika. Ya mama mkubwa ni duara jeusi lililotolewa kwenye spika ya redio mbovu, zito, linaweza kunyanyua mkasi. Ameilaza flopi yangu mezani, na sumaku ile anaipitisha juu yake, taratibu, huku na huku, kama anayepiga pasi kola. Akamaliza. Akachukua ya akiba.

Hasira zilinipanda, wallahi. Niliona pamba zote, spiriti yote, teksi zote, ukungu wote niliouvuta puani. Nilitamani kuipiga teke ile mashine.

"Mama!"

Hakushtuka. Alimalizia upande mmoja uliobaki. "Umerudi haraka."

"Unajua sumaku inafuta kila kitu kwenye flopi?"

"Fundi aliyeileta mashine hii alinikataza siku ya kwanza. Miaka yote sumaku yangu nimeiweka chumba cha pili. Mimi si mjinga."

"Sasa kwa nini unaniua hivi? Si ungesema tu!"

"Uliniuliza?" Akavuta kiti, akaketi, akavua miwani. "Ulikuja na mkoba wako ukaingia moja kwa moja kwenye mashine. Ukaniuliza umeme unakatika saa ngapi, ukaniuliza flopi naziweka wapi. Hukuniuliza kama nataka iamke."

Akaitazama mikono yake, kisha akaniambia, kwa sauti ileile ya kuniambia nimekonda, kwamba kabla mashine haijanyamaza alianguka bafuni. Mguu uliteleza kwenye saruji. Akaita, na redio za majirani ziko juu. Akalala pale tangu adhuhuri hadi alasiri ikapita, hana nguo mwilini, anamwomba Mungu amsitiri, asije mwanaume akamkuta vile. Aliyemsikia mwishowe ni mama anayeuza mandazi, alipopita kudai bakuli lake.

"Na hukutuambia," nikasema.

"Niwaambie nini? Maneno yangu nilishayasema mbele ya watu. Nikaomba tu, ya Rabi, inyamazishe hii mashine. Ikanyamaza yenyewe, sikuigusa, naapa. Nikashukuru, nikaanza hata kuchagua nguo. Halafu ukaja wewe na leso yako."

"Mama, mpigie Afande. Mwambie umechoka. Leo hii atakuja."

"Nijipeleke?" Alinitazama kama nimemtukana. "Wewe uliona wapi bibi harusi akienda kwa bwana kwa miguu yake, akabisha hodi? Mama anayejipeleka kwa mwanawe ana mdomo mfupi katika nyumba ile. Akiomba chumvi anaambiwa, si ulikuja mwenyewe? Lakini wakija kunichukua, nikakataa, nikalia, wakanibembeleza, wakanishika mkono mbele ya majirani, basi nimebebwa. Nani atanipandishia sauti?"

Ni kweli, kwetu ndivyo ilivyo. Nimeona akina mama waliobebwa, na nimeona mmoja aliyejipeleka. Yule aliyejipeleka alikuwa akiomba ruhusa hata ya kuanika kanga.

"Mimi nilidhani unaipenda nyumba hii," nikasema.

"Naipenda. Wewe unaipenda zaidi, kwa sababu hulali humu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nililia. Nililia kwa aibu kwanza, kwamba nilikuwa namfungia mlango kila nikija na flopi nzima. Kisha nikalia kwa uchungu wangu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anakwenda na alikuwa anataka kwenda. Alinivuta kichwa akakilaza begani kwake, akanipigapiga mgongoni, ule mgongo wenye maumivu, akasema, "Basi, basi. Kazi yako ni nzuri. Iliniudhi kwa uzuri wake."

Nilipotulia nikaitoa ile flopi iliyobaki mkobani, nikaiweka mezani. Aliiona. Hakuinyooshea mkono. Ingeiamsha mashine siku ile na siku nyingi baadaye, kwa sababu ilikuwa safi, niliijua. Niliishika mkononi kwa muda. Kisha nikachukua sumaku mimi mwenyewe nikaipitisha juu yake, upande huu na upande ule.

Nikampigia Afande.

"Nimeshindwa," nikamwambia. Neno hilo sijapata kumwambia mteja kwa urahisi, na kulisema kwa kitu nilichokiweza kulinikaa vibaya kinywani.

"Kabisa?"

"Kabisa. Hakuna flopi itakayokaa humu. Njoo umchukue, na uje na mkeo. Yeye ndiye amshike mkono."

"Pole, dada. Ulijitahidi. Mama anasemaje?"

Nikamnyooshea mama mkubwa simu. Alivuta pumzi, akasimama, akaishika kwa mkono mmoja mbele ya mdomo, akapaza sauti ambayo cherehani za jirani zilisimama kuisikiliza.

"Mimi siendi popote! Mmenisikia? Popote! Nyumba hii mtanitoa maiti!"

Na mkono wa pili ulikuwa unanionyesha juu ya kabati, nimteremshie sanduku.